Nani Ameifungua Sauti

Mama yangu ni mbishi, na mimi nimemrithi. Watu wa kijijini kwetu, Mbingu, wanaotufahamu husema tukianza kubishana ni afadhali wahamishe na kuku. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani programu niliyoiandika ilitokana na kupenda kompyuta. Ilitokana na ubishi. Nilitaka kumtoa mama bondeni kabla maji hayajamfikia, na nilitaka kumtoa kwa namna ambayo asingepata pa kusemea kwamba hakuambiwa.

Mimi naishi Ifakara. Nina chumba cha biashara chenye meza mbili, feni moja na printa inayokohoa. Nachapa barua za watu, natengeneza kompyuta, nawawekea wateja programu kwenye simu zao, na kazi ikipungua naandika programu ndogo ndogo za kwangu, kwa sababu ndicho nilichosomea. Mama yuko Mbingu, kwenye barabara ya kwenda Mlimba, ingawa ukisema mama yuko Mbingu umesema nusu tu. Msimu wa mpunga ukianza anafunga nyumba, anabeba sufuria, mkeka, chandarua na kuku wake, anashuka bondeni. Huko ana dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na humo ndimo anamoishi wakati wote wa kupalilia na kuamia ndege wasile mpunga, mpaka avune. Hayuko peke yake. Kijiji kizima kinapungua watu msimu huo, na ukipita barabarani unakuta milango imefungwa kwa kamba kana kwamba kuna msiba mahali.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, mto ulipanda. Bondeni hapakuwa na mvua. Mvua ilikuwa imenyesha juu, milimani, na maji yakaja taratibu wakati watu wamelala. Mama aliamka akakuta kandambili zake zinaelea chini ya dungu. Alikaa juu pale na kuku wake mpaka wavuvi walipompitia na mtumbwi. Mimi nilipigiwa simu baadaye, nimeinamia printa ya mteja, nikaambiwa kwa upole, "Mama yako ametolewa kwenye maji, mzima." Hilo neno "mzima" walilisema mwisho. Kabla halijafika, nilikuwa nimeshamzika.

Nilipomfuata alikuwa amekaa kwa mama mdogo anakunywa uji, anacheka, anasimulia jinsi jogoo wake alivyokataa kupanda mtumbwi. Kila mtu alicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikanawa uso, nikajiapia kwamba jambo lile halitatokea tena mimi nikiwa na mikono na akili.

Njia rahisi ilikuwa kumkataza asishuke. Nilijaribu. Aliniuliza kama ninafikiri ada yangu ya shule ilikuwa inaota kwenye barabara ya lami. Nikatafuta njia nyingine.

Mama ni mwanachama wa kikundi cha wakulima wenye mashamba bondeni. Niliomba nafasi kwenye mkutano wao nikawaeleza nilichofikiria. Mwanachama mmoja ana shamba la miti Uchindile, juu kabisa. Mvua ikishika huko bila kukatika, atanipigia. Mimi nitarekodi onyo kwa sauti yangu na kulituma kwenye simu za wanachama wote. Maji ya juu yana safari; tangu yaanze kushuka mpaka yafike kwenye mashamba yetu, mtu ana muda wa kutosha kufunga mzigo na kutoka. Kwa sauti, kwa sababu wazee wengi macho yamechoka na wengine hawakuwahi kusoma. Sauti kila mtu anaielewa.

Lakini kutuma si kazi. Kazi ni kujua kama imefika sikioni. Hapo ndipo programu yangu ilipoingia. Kila faili kwenye simu lina mkia wa herufi chache nyuma ya jina lake: picha ina mkia wake, barua ina wake, sauti ina wake. Programu niliyoiandika ilikuwa na kazi moja tu. Ilikaa kimya kwenye simu, ikatazama mikia. Mtu akifungua picha, haikujali. Akifungua video, haikujali. Akifungua faili la sauti nililotuma mimi, ilinipelekea taarifa, na kwenye kompyuta yangu nukta nyekundu ya mtu huyo ikageuka kijani. Kama mahali hapo hapana mtandao, taarifa ilisubiri mpaka simu iupate.

Nilipomaliza kueleza, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Sista, kwa hiyo utakuwa unaona kila kitu ninachofungua kwenye simu yangu?"

"Naona sauti za kikundi tu."

"Na mambo yangu mengine?"

"Mambo yako mengine ni shauri yako na Mungu wako."

Watu waliangua kicheko, na kijana naye akacheka, lakini hakukaa chini mpaka nilipomwonyesha kwa simu yake mwenyewe. Nilifungua video yake moja, nukta ikabaki nyekundu. Nikafungua sauti, ikageuka. Nilimheshimu kwa kuuliza. Mama, aliyekuwa mbele, aliwageukia wenzake akasema, "Mnaona? Nimeuza mpunga wangu, mtoto akaenda kusomea umbea." Lakini alikuwa wa kwanza kunipa simu yake niiwekee.

Msimu ukaja, mama akashuka, na mimi nikawa mtumwa wa zile nukta. Asubuhi nazitazama kabla ya kupiga mswaki. Nilituma sauti za kujaribu, za salamu tu, na nukta zikageuka moja moja, nyingine haraka, nyingine kwa kuchelewa. Nilifurahi sana. Bondeni hakuna mtandao, ila kuna vichuguu vichache ambavyo mtu akipanda juu yake na kuelekeza simu upande wa milima anaupata. Kila nukta ya mama ilipogeuka, nilimwona akilini amesimama kwenye kichuguu na kanga yake kiunoni, simu sikioni, ananisikiliza. Picha hiyo ilinipa amani. Sikujiuliza mama yangu, mwenye magoti yale, anapanda kichuguu mara ngapi.

Kisha siku ikafika. Yule wa Uchindile alinipigia asubuhi akasema mvua imeshika tangu jana, haioneshi dalili ya kuacha, na kijito cha nyuma ya nyumba yake kimeanza kunguruma. Nilifunga mlango wa duka, nikazima feni ili isinivurugie, nikarekodi. Niliwasalimia wazee, nikasema mvua ni kubwa juu, mto utapanda, tokeni leo kabla ya giza, msisubiri kuyaona maji. Nikatuma.

Kabla chai yangu haijapoa, nukta zilianza kugeuka. Moja, nyingine, kisha nyingi kwa mfululizo. Ya mama ikageuka. Niliinuka kwenye kiti nikapiga makofi peke yangu dukani, mteja aliyekuwa anasubiri mlangoni akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia nimeshinda.

Mchana nikampigia mama mdogo, ambaye nyumba yake inatazamana na ya mama, nimwambie awashe moto, dada yake anakuja.

"Anakuja kutoka wapi?" akaniuliza.

"Bondeni. Wanatoka wote. Wameshasikia onyo."

Nikasikia anafungua mlango, anatoka nje. "Mwanangu, barabara yote hii naiona. Hakuna aliyetoka. Labda unawaona wewe huko kwenye kompyuta yako."

Sikumaliza kumuaga. Nilichukua koti la mvua, nikamwachia mteja mlango wa duka aurudishe, nikatafuta bodaboda. Dereva alitaka tuzungumze kuhusu njia, matope na kiza. Nilimwambia apande, tutazungumza tukiwa tunakwenda. Njia nzima nilikuwa na hasira na watu wa bondeni. Nilikuwa nawatungia maneno. Wamesikia, nukta zimegeuka, na bado wamekaa! Nilikuwa nimeandaa hotuba kali sana ya kuwasomea, na ya mama ilikuwa ndefu kuliko zote.

Mbingu, pale njia ya kushuka bondeni inapoanzia, kuna duka la mzee mmoja ambaye asili yake ni pwani. Anauza sabuni, chumvi, betri na nguo za mtumba, na juu ya bati lake kuna paneli za sola, kwa hiyo simu za bondeni zote zinachajiwa kwake. Jirani mmoja wa mama mwenye baiskeli huzikusanya kwenye dungu moja baada ya jingine, anazileta asubuhi kwenye kikapu, anazirudisha jioni au kesho yake. Hilo nililijua tangu utotoni, tangu zama za simu za vitufe. Nililijua kama unavyojua kwamba mlango wa jikoni kwenu unalia, yaani hulifikirii.

Nilishuka pale ninunue maji. Juu ya kaunta simu zilikuwa zimepangwa, kila moja na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Ya mama ilikuwa ya tatu. Yule mzee, kofia yake kichwani, alikuwa ameinamia simu ya mwisho, na kutoka kwenye simu hiyo nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Shikamooni wazee wangu." Akaibonyeza, ikanyamaza. Akaiweka chini, akaichomeka kwenye waya.

Nilisimama nikamtazama. Sijui nilikuwa na sura gani, maana aliacha alichokuwa anafanya.

"Shikamoo, mzee wangu," nikasema, kwa sababu hata hasira ina utaratibu wake.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Ifakara na hali hii ya hewa? Karibu ukae."

"Sikai. Mzee, mbona unafungua ujumbe wa watu?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nawafungulia," akasema. "Hizi sauti usipozigusa hazishuki kwenye simu. Inabaki alama tu pale. Wakifika nayo huko chini hakuna mtandao, wanabonyeza, hakuna kitu. Mara ya kwanza walirudi kunilalamikia. Sasa mimi kila ikiingia naigusa hapa, ikishashuka naizima. Sisikilizi ya mtu, Mungu shahidi. Nikisikia salamu tu naifunga. Ya watu ni ya watu."

Niliegemea kaunta. Yule mzee alikuwa amefanya jambo la adabu na la busara, na bila yeye faili langu hata moja lisingefika bondeni. Ila kila nukta ya kijani niliyoishangilia ilikuwa kidole chake. Hakuna mtu hata mmoja aliyepanda kichuguu. Na kwa kuwa yeye hasikilizi ya watu, na kwa kuwa mimi nilianza kwa salamu ndefu kama mtoto aliyelelewa vizuri, onyo lenyewe hakulisikia hata yeye. Simu zilikuwa zinasubiri baiskeli, na baiskeli ilikuwa imelala nje ya duka, mwenye nayo amejikinga na manyunyu kwenye kibaraza.

Nilichukua simu ya mama, nikaibonyeza, nikaiacha iseme mpaka mwisho. Nilimwona mzee uso wake unabadilika. Alianza kuchomoa simu kwenye waya kabla sijasema lolote, akazipanga kwenye kikapu, akatoka nacho mwenyewe kwenye mvua mpaka kibarazani. "Amka, shuka," alimwambia mwenye baiskeli. "Na usimpe mtu simu yake mpaka asikilize mbele yako." Nikamuuliza dereva wangu kama atashuka na mimi. Akautazama mteremko, akautazama mnyororo wake, akasema ataningoja hapo hapo.

Nilikwenda kwa miguu. Lile tope jeusi la kwetu halina heshima. Nusu ya njia nilikuwa nimeshika viatu mkononi. Pande zote mpunga ulikuwa umefika kifuani, umeanza kupiga manjano, mashuke yameinama. Nakiri ulikuwa mzuri. Nilikuwa nauchukia na bado niliona kwamba ni mzuri, na nikajua kazi niliyoiendea ni ngumu kuliko nilivyodhani.

Mama alikuwa amesimama katikati ya shamba anavuta kamba yenye makopo, anawapigia ndege kelele. Aliponiona aliacha kuvuta.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Shikamoo mama. Maji yanakuja, tunatoka."

"Marahaba. Maji gani?" Akaangalia chini, akapiga mguu wake kwenye tope. "Hapa mimi naona matope."

Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, hilo lazima nimpe, hakunikatiza. Nilipomaliza akashika tena kamba yake. "Siku chache tu zimebaki nianze kukata. Nikitoka leo, ndege watakula, na maji yasipokuja utanilipa wewe?"

"Yatakuja."

"Yakija nitayaona."

"Mwaka jana uliyaona?"

"Niliyaona," akasema, "yakiwa na kandambili zangu." Na akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichonimaliza. Hotuba yote niliyoitunga kwenye pikipiki ilipotea. Nilikwenda mpaka kwenye dungu lake, nikapanda ngazi, nikakaa juu ya mkeka wake, nikavua koti.

Akanifuata mpaka chini ya ngazi. "Unafanya nini?"

"Nakaa. Kama wewe unakaa, na mimi nakaa. Una unga?"

"Shuka, pikipiki inakungoja huko juu."

"Itachoka, itaondoka."

Sikuwa naigiza. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye mama mdogo aliwasimulia watu kwamba nilimtega dada yake. Nilikuwa nimechoka kumwambia mtu mambo kutoka mbali. Nilikuwa nimechoka na nukta. Kama ilikuwa lazima nijue maji yakifika mama yangu yuko wapi, basi nilitaka nijue kwa macho. Na niliogopa. Nilimwambia hivyo hivyo, "Mama, naogopa." Nilikuwa sijamwambia neno hilo tangu niko mdogo.

Alisimama pale chini ameshika ngazi. Aliutazama mpunga, kisha akanitazama mimi, kisha akaangalia upande wa mto ambako hakukuwa na kitu cha kuona. Mama amezaliwa kando ya mto, anaogelea kama watu wa huko wanavyoogelea, bila hata kulifikiria. Mimi nilipelekwa Ifakara kusoma nikiwa mdogo, nikalelewa kwa shangazi kwenye nyumba za matofali.

"Wewe hujui kuogelea," akasema.

"Sijui."

Alitamka kitu kwa Kindamba, lugha ya kwetu, ambacho sitakiandika hapa. Kisha akapanda, akanipita bila kunigusa, akaanza kukunja chandarua.

Alifunga mzigo kwa hasira, kila kitu akikitupa kana kwamba ndicho kilichomkosea. Alipomaliza alichukua kisu akaingia kwenye kona iliyokuwa imewiva zaidi, akakata mashuke mafungu mawili matatu, akayafunga kwenye kanga. Sikumharakisha. Niliwafunga kuku miguu, nikabeba sufuria, nikamsubiri njiani mpaka alipokuja mwenyewe.

Na hapo nikaona jambo ambalo programu yangu isingeweza kulionesha. Mwenye baiskeli alikuwa ameshapita, watu wameshapewa simu zao, wengine wamesikiliza mpaka mwisho. Walikuwa wamesimama kwenye madungu yao wanashauriana, kama watu wanavyofanya. Walipomwona mama na mzigo kichwani, mashauri yakaisha. Mwanamke mmoja alimwita kwa mbali, "Hata wewe?" Mama akajibu bila kusimama, "Hata mimi. Mtoto amenifuata, nifanyeje? Tokeni, mnangoja nini?" Na wakaanza kushusha vitu. Kama yule mbishi anatoka, walisema, basi kuna jambo. Tulifika barabarani tuko wengi, na mzee wa duka alikuwa amefungua milango yote miwili na kuwasha moto nyuma.

Maji yalikuja. Asubuhi tulisimama kwenye ukingo tukatazama chini, na palipokuwa na mpunga palikuwa pamelala maji, yametulia, yanang'aa. Hakuna mtu aliyepotea. Watu walisema hivyo mara nyingi, walimshukuru Mungu, wengine walinishukuru mimi. Mama alisikiliza shukrani zote hizo, kisha akakaa kwenye jiwe akalia. "Mpunga wangu," alisema. Hakusema kingine. Nilikaa karibu naye. Sikumwambia kwamba uhai ni bora kuliko mpunga, kwa sababu analijua hilo kuliko mimi, na kwa sababu mwenye uhai anahitaji kula. Alikaa muda mrefu bila kuzungumza nami vizuri. Nikipiga simu alijibu salamu, akampa mama mdogo.

Nilirudi Ifakara, nikaifungua ile programu, nikakata sehemu yote ya nukta. Ilikuwa kazi yangu nzuri, niliipenda, na niliikata. Kujua kwamba faili limefunguliwa kulikuwa kunanipa mimi raha tu. Bondeni hakukumsaidia mtu. Mahali pake nikaweka kitu kingine. Sasa onyo linaanza bila salamu: linasema maji, tokeni, halafu ndiyo shikamoo. Niliwaomba radhi wazee kwa hilo mkutanoni, wakasema wamenisamehe. Na sauti ikiisha, simu inamtaka mtu ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Asipojibu, kwangu ni kama hajasikia, hata kama imefunguliwa mara mia. Yule mzee anaendelea kuzigusa zishuke, lakini alikataa katakata nilipomuuliza kama siku moja anaweza kumjibia mtu aliyesafiri. "Sauti ya mtu ni amana," alisema. Na onyo likiingia, baiskeli haisubiri jioni. Mwenye baiskeli hatoki kwenye dungu mpaka mwenye simu ajibu na jibu lihamie kwa bluetooth kwenye simu yake yeye, na akishamaliza anapanda na simu yake mwenyewe kwenye kichuguu, huko majibu yote aliyoyakusanya yananifikia.

Sikuwa najua nimejitafutia nini. Nilipojaribisha, majibu yalikuja yamejaa watu. Mmoja alijibu kwamba amesikia, na je, ile mbegu niliyoahidi kuulizia? Mwingine alinisomea matatizo ya mgongo wake kwa kirefu. Yule kijana wa nyuma aliimba. Mama hakujibu jaribio hata moja. Nilimtumia, nikasubiri, kimya. Mwenye baiskeli aliniambia anasikiliza, anatikisa kichwa, anaiweka simu chini.

"Hasemi kitu?"

"Anasema wewe unajua alipo."

Msimu uliofuata alishuka tena. Sikumkataza. Alipanda mapema, mbegu inayowahi, na hakuniambia. Niliambiwa na mama mdogo. Mpunga ulikuwa bado kijani yule wa Uchindile aliponipigia tena. Nilirekodi nimesimama. Nilituma. Majibu yakaanza kuingia, na safari hii hapakuwa na mbegu wala mgongo. Walijibu kwa kifupi, wanahema, nyuma yao nasikia sufuria zinagongana na watoto wanaitwa. Niliwasikiliza wote. Mama hakuwemo.

Sikungoja. Nilifunga duka nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva Mbingu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba safari hii naingia mpaka kwenye dungu hata kama ni kwa maji. Tulikuwa tumeiacha Ifakara nyuma kitambo simu ilipotetemeka kifuani. Nilimwomba dereva asimame kando. Nikaibana simu sikioni chini ya kofia ya koti.

Alikuwa anahema sana. Nilisikia kuku. Nilisikia mtu anamwambia apokee mzigo, naye anamwambia ngoja, naongea na mwanangu.

"Nimesikia," mama alisema. "Nimeshatoka, niko huku juu barabarani. Mpunga nimeuacha. Wewe usije. Nimetoka ili usije, umenielewa? Usije huku."

Nilimsikiliza mara ya pili. Kisha nikamwambia dereva tuendelee, nikampokee mzigo.